Insha ya uchambuzi katika mtihani wa kuingia shule ya biashara: namna ya kujiandaa ukiwa kwenye makazi

Umemaliza shahada ya kwanza. Labda ulisoma Kampala, labda ulisoma kwa njia ya mtandao ukiwa Kiziba au Kakuma, labda ulihitimu Bukavu au Bujumbura kabla ya kukimbia. Sasa unataka kuomba shahada ya uzamili ya biashara, yaani MBA, na chuo unachokitaka kinadai alama za mtihani wa GMAT au GRE. Hesabu unaweza kuzirudia kidogo kidogo. Lakini insha? Dakika 30, kwa Kiingereza, kwenye kompyuta, juu ya mada ambayo hukuitarajia. Wengi hukata tamaa hapo.

Makala haya yanaeleza insha hiyo inataka nini hasa, na namna ya kujiandaa ukiwa na simu, daftari na muda mchache wa kompyuta. Yanawahusu wakimbizi na pia vijana wa jamii wenyeji wanaoomba vyuo hivyohivyo.

Shika jambo moja tangu mwanzo. Insha hii haiulizi una maoni makali kiasi gani, na haikupi alama kwa sababu ya Kiingereza cha maneno makubwa. Inapima kama unaweza kuona kile ambacho mtu amekichukulia kuwa kweli bila kukithibitisha. Kazi hiyo unaifanya kila unaposikia uvumi sokoni na kujiuliza, "Huyu amejuaje?" Kilichobaki ni kujifunza kuiandika kwa mpangilio.

Kwanza, hakikisha mtihani wako bado una insha

Vitabu vingi vya maandalizi vinavyozunguka kwenye makazi ni nakala za zamani. Watu hutumia miezi kadhaa kujiandaa kwa sehemu ambayo haipo tena. Kabla hujanunua bando au kutoa nakala, angalia haya:

• GMAT. Kwa miaka mingi mtihani huu ulikuwa na insha ya dakika 30 ya kuchambua hoja. Toleo jipya lilianza mwishoni mwa 2023, na mapema 2024 toleo la zamani likaondolewa kabisa. Toleo jipya halina insha. Lina sehemu tatu: hesabu, lugha, na uchambuzi wa takwimu.

• GRE. Mtihani huu unakubaliwa na shule nyingi za biashara. Hadi Septemba 2023 ulikuwa na insha mbili. Sasa una moja tu, ya dakika 30, ambayo inakutaka uchukue msimamo juu ya jambo fulani na kuutetea. Ndiyo inayokuja kwanza siku ya mtihani, kabla ya hesabu na lugha.

• Mitihani ya vyuo vyenyewe. Baadhi ya vyuo vya ukanda huu vina mtihani wao wa kuingia. Iandikie ofisi ya udahili na uulize maswali matatu: Je, kuna insha? Ni ya muda gani? Je, kuna karatasi za miaka iliyopita ninazoweza kuziona?

Uliza na swali la nne: je, mtihani ni lazima? Shule nyingi za biashara siku hizi humruhusu mwombaji asifanye GMAT wala GRE kama ana uzoefu wa kazi au alama nzuri za shahada. Mitihani hii hugharimu zaidi ya dola 200 za Marekani. Barua pepe moja inaweza kukuokolea fedha hizo.

Namna rahisi ya kupima umri wa kitabu chako: kikieleza kwamba GMAT ina insha mbili, kiliandikwa kabla ya 2012. Kikisema ina moja, ni cha kati ya 2012 na 2023. Usikitupe. Mazoezi ya insha yaliyomo bado yanafundisha kufikiri, na yanafaa kwa vyuo vinavyotoa insha yao wenyewe. Ila usikitumie kujua mtihani wa leo ulivyo.

Aina mbili za insha

Insha za uchambuzi kwenye mitihani ya biashara ni za namna mbili. Ukizichanganya, unaweza kuandika vizuri na bado ukakosa alama.

Ya kwanza ni kuchambua hoja. Unapewa aya fupi ambayo mtu anapendekeza jambo na kutoa sababu zake. Huulizwi kama unakubaliana naye. Unaulizwa kama sababu zake zinatosha kuthibitisha anachosema. Maoni yako kuhusu mada hayahitajiki.

Ya pili ni kuchukua msimamo. Unapewa sentensi moja au mbili juu ya jambo la jumla, kama elimu, uongozi, teknolojia au biashara. Hapa maoni yako yanahitajika, pamoja na sababu, mifano, na jibu kwa mtu anayeona tofauti. Soma maelekezo yaliyo chini ya mada kwa makini, maana hayafanani. Mara nyingine unaambiwa ueleze ni wakati gani kauli hiyo inaweza kuwa kweli na wakati gani si kweli. Mara nyingine unaambiwa ufikirie matokeo ya sera iliyopendekezwa, au ujadili maoni mawili yanayopingana. Ukiandika insha nzuri isiyofuata maelekezo hayo, alama itashuka.

Mfano wa kwanza: hoja ya mwenye duka

Hii ni hoja tuliyoitunga wenyewe. Isome kama vile imetoka kwenye mtihani:

"Mwezi Machi, duka letu lililo karibu na soko lilianza kutoa huduma ya kutuma na kupokea pesa kwa simu. Kufikia Mei, mauzo ya unga na mafuta katika duka hilo yalikuwa yamepanda kwa theluthi moja. Kwa hiyo, tukiweka huduma hiyo katika maduka yetu mengine matatu, faida ya kampuni nzima itapanda vivyo hivyo."

Msomaji wa haraka atasema, "Ni kweli, huduma za pesa kwa simu huleta wateja." Mwingine atasema, "Si kweli, mawakala ni wengi mno siku hizi." Wote wawili wametoa maoni, na hakuna aliyechambua. Mchambuzi hujiuliza: ili hitimisho hili liwe kweli, ni mambo gani lazima yawe kweli ambayo mwenye duka hakuyasema?

Tuyataje moja moja.

• Amechukulia kwamba huduma ya pesa ndiyo iliyoleta mauzo. Lakini jambo moja kutangulia lingine si ushahidi kwamba ndilo lililolisababisha. Labda kati ya Machi na Mei familia nyingi mpya zilipokelewa kwenye makazi. Labda fedha za msaada wa chakula zilitolewa Mei, au duka la jirani lilifungwa, au akiba ya mavuno iliisha majumbani.

• Amechukulia kwamba mauzo kupanda ni bidhaa nyingi zaidi kuuzwa. Kama bei ya unga ilipanda, fedha zinazoingia zinaweza kuongezeka hata kama magunia yaliyouzwa ni yaleyale.

• Ameruka kutoka mauzo hadi faida. Wakala anahitaji fedha taslimu ya kuzungusha, mtu wa kukaa dirishani, na ulinzi. Gharama hizo hazikutajwa. Mauzo yanaweza kupanda huku faida ikishuka.

• Amechukulia kwamba maduka mengine matatu yanafanana na hili. Hili liko karibu na soko. Kama mengine yako mbali, au kama jirani yake wapo mawakala watano tayari, matokeo yanaweza kuwa tofauti kabisa.

Mapengo manne yanatosha. Kwa dakika 30, chagua matatu makubwa na uyaeleze vizuri. Insha inayotaja mapengo manane kwa sentensi moja moja ni dhaifu kuliko ile inayoeleza matatu kwa kina.

Sasa tazama aya moja inavyojengwa. Kwenye mtihani utaiandika kwa Kiingereza, lakini mpangilio ni huu:

"Mwandishi anadai kwamba huduma ya pesa ndiyo iliyopandisha mauzo, kwa sababu tu ongezeko lilitokea baada yake. Hata hivyo, mambo mengine yangeweza kuleta matokeo hayohayo. Kwa mfano, kama fedha za msaada wa chakula zilitolewa mwezi Mei, familia nyingi zingenunua unga zaidi hata kama duka lisingekuwa na huduma hiyo. Ili kuimarisha hoja yake, mwandishi angelinganisha mauzo ya duka hili na ya maduka yake mengine matatu katika miezi hiyohiyo. Kama mauzo yalipanda kote, huduma ya pesa haiwezi kuwa sababu kuu."

Aya hiyo ina hatua nne: pengo ni lipi, kwa nini ni pengo, mfano mmoja wa wazi, na ushahidi gani ungeliziba. Hatua ya nne ndiyo watu wengi huisahau, nayo hukutofautisha na anayelalamika tu. Katika biashara, anayesema "mpango huu ni mbaya" hasaidii sana. Anayesema "kabla hatujatumia fedha, tuangalie kwanza hesabu hizi" ndiye anayetafutwa.

Mfano wa pili: kuchukua msimamo

Tuseme mada ni hii, nayo tumeitunga wenyewe: "Teknolojia mpya huwanufaisha zaidi watu wenye fedha kuliko watu maskini." Umeambiwa ueleze kwa kiasi gani unakubali au unakataa.

Kosa la kwanza ni kukubali kabisa au kukataa kabisa bila kufikiri. Kosa la pili ni kusema "inategemea" na kuishia hapo. Msimamo mzuri husema inategemea nini. Kwa mfano: "Teknolojia huwanufaisha maskini pale ambapo masharti ya kuitumia ni mepesi. Masharti yakiwa magumu, wenye fedha hutangulia." Huo ni msimamo, na unaweza kuutetea.

Sasa unahitaji mifano. Mfano mmoja unaofahamika ni M-Pesa, iliyoanzishwa Kenya na Safaricom mwaka 2007. Ilifanya kazi kwenye simu ya kawaida ya vitufe, na mtu hakuhitaji akaunti ya benki. Kwa hiyo iliwafikia watu ambao benki hazikuwafikia. Mfano huu unapinga kauli ya mada.

Kisha geuka upande wa pili. Laini ya simu husajiliwa kwa kitambulisho. Mtu aliyefika jana na hana karatasi yoyote hawezi kuisajili kwa jina lake, hata kama teknolojia ni rahisi kiasi gani. Mfano huu unaunga mkono kauli ya mada.

Mifano hiyo miwili haigongani. Yote inatetea msimamo wako: masharti ya kuingia ndiyo yanayoamua. Huo ndio uchambuzi. Umechukua jambo lililoonekana kuwa la ndiyo au hapana, ukaonyesha mstari unapopita.

Mifano ya namna hii unayo mingi. Vikundi vya kuweka na kukopa, bei ya mahindi inavyobadilika msimu wa mavuno, duka linalokopesha na duka lisilokopesha, sheria inayomruhusu mkimbizi kufanya kazi kama ile ya Uganda ya mwaka 2006: yote ni ushahidi halali. Huhitaji kutaja kampuni kubwa za Marekani kama huzijui vizuri. Mfano unaoujua na kuueleza hatua kwa hatua una nguvu kuliko jina kubwa lililotajwa kwa kupita.

Kama ulisoma kwa Kifaransa

Wengi waliosoma Congo na Burundi walifundishwa insha ya sehemu tatu: hoja, kisha hoja inayopinga, kisha muafaka kati ya hizo mbili. Utangulizi huwa mrefu, na msimamo wa mwandishi hujitokeza mwishoni. Ni mtindo mzuri wenye nidhamu yake, lakini kwenye mtihani huu unaweza kukuangusha.

Msomaji wa GRE anataka kujua msimamo wako katika aya ya kwanza. Ukimsubirisha hadi mwisho, anaweza kudhani huna msimamo, au muda ukakuishia kabla hujaufikia. Geuza mpangilio: chukua muafaka wako, uuweke mwanzoni, kisha utumie aya zinazofuata kuonyesha umefikaje hapo. Utakuwa unatumia ujuzi uleule, kwa kuanzia mwisho.

Gawa dakika zako 30

• Dakika 5: soma mada mara mbili. Soma maelekezo. Andika kwenye karatasi ya kazi hoja tatu na mfano wa kila moja. Usiguse kibodi bado.

• Dakika 3: andika utangulizi wa sentensi tatu au nne. Eleza mada kwa maneno yako, kisha msimamo wako, au udhaifu mkuu wa hoja uliyopewa.

• Dakika 16: andika aya tatu za katikati. Kila aya ibebe jambo moja.

• Dakika 2: andika hitimisho fupi. Usilete jambo jipya hapa.

• Dakika 4: soma tena na usahihishe. Programu ya kuandikia ya GRE haikuonyeshi makosa ya tahajia wala ya sarufi. Macho yako ndiyo msaada pekee.

Nani anasahihisha? Insha ya GRE hupewa alama kuanzia 0 hadi 6, ikipanda kwa nusu nusu. Husomwa na mtu aliyefunzwa kazi hiyo na pia na programu ya kompyuta. Wakikaribiana, wastani wao ndio alama yako. Wakitofautiana sana, mtu mwingine huisoma. Msomaji hatumii muda mrefu kwa kila insha, kwa hiyo mpangilio unaoonekana wazi ni msaada kwake na kwako.

Kuhusu Kiingereza

Makosa machache ya lugha hayaharibu insha yenye mawazo safi. Yanayoharibu ni makosa yanayomfanya msomaji asielewe. Sisi tunaozungumza Kiswahili tunajua mitego yetu. "Yeye" ni mmoja kwetu, kwa hiyo tunachanganya "he" na "she" ndani ya aya moja. Hatuna "a" wala "the", kwa hiyo tunaziruka au tunaziweka kila mahali. Na tunapenda sentensi ndefu zinazounganishwa kwa "na" hadi mwenye wazo hajulikani.

Dawa ni kuandika sentensi fupi. Ukifika mstari wa tatu bila nukta, simama na uikate. Jifunze vizuri maneno machache ya kuunganisha mawazo, yale ya "hata hivyo", "kwa sababu hiyo", "kwa mfano" na "isipokuwa", na uyatumie pale tu yanapohitajika. Maneno makubwa usiyoyazoea yaache.

Mpango wa wiki nne ukiwa na vifaa vichache

Wiki ya kwanza: kusikiliza. Huhitaji kompyuta. Kila siku chagua hoja moja uliyoisikia redioni, kwenye mkutano wa kijiji au kwenye kundi la WhatsApp. Andika hitimisho lake, sababu zake, na mambo mawili iliyoyachukulia kuwa kweli. Fanya kwa Kiswahili kama ni rahisi. Lengo ni kuzoesha jicho.

Wiki ya pili: mpango bila insha. Kila siku chukua mada mbili. Kwa kila moja, jipe dakika 5 tu za kuandika msimamo, hoja tatu na mifano mitatu. ETS, shirika linaloendesha GRE, huweka mada zake za insha kwenye tovuti yake bure. Fungua ukurasa huo mara moja, uuhifadhi kwenye simu, na hutahitaji bando tena kuusoma.

Wiki ya tatu: aya na vidole. Andika aya mbili kila siku kwa Kiingereza. Kama kuna kituo cha vijana, maktaba au maabara ya kompyuta karibu nawe, omba saa moja mara tatu kwa wiki ili kuzoea kibodi. Hili watu hulidharau. Mwenye mawazo mazuri anayetafuta herufi moja moja kwa kidole atamaliza nusu ya insha. Usipopata kompyuta, kibodi ndogo inayounganishwa na simu inasaidia.

Wiki ya nne: insha kamili. Andika insha nne au tano kwa dakika 30 kila moja, bila kamusi na bila kusimama. ETS hutoa pia majaribio mawili ya bure ya mtihani mzima kwenye kompyuta. Liweke moja kwa ajili ya wiki hii.

Usijiandae peke yako. Watu watatu au wanne wanaweza kukutana mara mbili kwa wiki chini ya mti. Mmoja asome insha yake kwa sauti, na wengine wajibu maswali matatu tu: Msimamo wake ni upi? Aya gani haina mfano? Ni jambo gani yeye mwenyewe amelichukulia kuwa kweli bila kulithibitisha? Swali la tatu huuma kidogo, na ndilo linalofundisha zaidi.

Maswali yanayoulizwa mara nyingi

Je, nieleze maisha yangu kama mkimbizi?

Kuna mahali pake. Barua ya maombi na insha ya kujieleza, ambazo chuo huziomba kando, ndizo zinazotaka historia yako. Kwenye insha ya uchambuzi, jambo lililokupata linaweza kuwa mfano kama linathibitisha hoja yako. Liandike kwa sentensi mbili au tatu, kisha urudi kwenye hoja. Msomaji hatoi alama kwa huruma, na wewe hukwenda pale kuombewa huruma.

Je, nikariri insha nzuri niinakili siku ya mtihani?

Hapana. ETS hutumia programu inayolinganisha insha na maandishi mengine. Ikigundulika kuwa umenakili, alama zako zinaweza kufutwa, na ada uliyolipa imepotea. Unaweza kukariri mpangilio wa aya. Maneno yawe yako.

Kuna mtu anauza "mada za siri". Ninunue?

Usinunue. Mada za insha ya GRE zinapatikana bure, kama tulivyoeleza. Anayekuuzia anauza kitu cha bure au cha uongo. Pia usimpe mtu yeyote neno la siri la akaunti yako ya mtihani, hata akidai anakusaidia kujisajili.

Nina kitambulisho cha mkimbizi, lakini sina pasipoti. Nitaruhusiwa?

Hili litatue kabla ya kulipa. Kwa kawaida mitihani hii humtaka mtu anayeifanyia nje ya nchi yake ya uraia aonyeshe pasipoti. Kama una hati ya kusafiria ya mkimbizi, au una kitambulisho cha mkimbizi peke yake, waandikie waendeshaji wa mtihani, ambatisha picha ya hati hiyo, na uulize kama itakubaliwa. Subiri jibu la maandishi na ulitunze.

Angalia pia jina lako. Wengi wetu majina yetu yameandikwa namna moja kwenye diploma na namna nyingine kwenye karatasi za usajili wa ukimbizi. Jina unalojisajilia mtihani lazima lifanane, herufi kwa herufi, na lile la hati utakayoionyesha mlangoni. Kama kuna makosa, anza kuomba marekebisho mapema, maana huchukua muda.

Je, naweza kufanyia mtihani nyumbani?

GRE na GMAT zote zina mtihani wa mtandaoni. Lakini simu haitoshi. Unahitaji kompyuta yenye kamera, intaneti isiyokatika, umeme wa uhakika, na chumba kilichofungwa ambamo hakuna mtu mwingine anayeingia muda wote. Mtoto akifungua mlango, mtihani unaweza kusimamishwa. Kwa wengi wanaoishi kwenye makazi, kituo cha mtihani mjini ni salama zaidi, hata ukiongeza nauli. Kama unaishi kambi ambayo kutoka kunahitaji kibali, omba kibali kwanza, ndipo uchague tarehe.

Nikipata alama ndogo ya insha, basi tena?

Hapana. Alama ya insha huripotiwa peke yake, haichanganywi na ya hesabu na lugha. Shule huiangalia pamoja na shahada yako, kazi uliyofanya na barua za wanaokufahamu. Unaweza pia kurudia mtihani, ingawa utalipa tena. Ndiyo maana wiki nne za maandalizi ni nafuu kuliko kulipa mara mbili.

Anza leo

Tafuta hoja moja uliyoisikia leo. Labda jirani amekuambia bei ya maharage itashuka wiki ijayo kwa sababu lori mbili zimeingia jana. Chukua daftari. Andika anachodai, sababu aliyotoa, na kile ambacho hakukisema: lori hizo zilibeba nini, mzigo ni wa nani, na je, utauzwa hapa au unapita tu?

Ukishaandika mistari hiyo mitatu, umefanya zoezi lako la kwanza. Kesho fanya lingine. Na kabla ya Ijumaa, iandikie ofisi ya udahili ya chuo unachokitaka uulize yale maswali manne: kama kuna insha, ni ya muda gani, kama kuna karatasi za zamani, na kama mtihani ni lazima.